Siku Baba Alipolikausha Ziwa

Masika haya ziwa lilipanda. Hapa Musoma lilipita mwaloni kunakoegeshwa mitumbwi, likaingia nyuma ya nyumba za watu, likakaa huko kwa miezi kama mgeni asiyejua kuaga, kisha likarudi taratibu na kutuachia tope. Harufu ya tope hilo ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa natoka sokoni Iringo na kikapu changu, ikanipiga puani ghafla: matete yaliyooza, konokono, na ule ubichi wa udongo uliolala chini ya maji muda mrefu halafu ukaona jua. Nikasimama njiani, mtu mzima mwenye wajukuu, uso ukaniwaka kwa aibu, na hakuna aliyekuwa amenisemesha.

Harufu hiyo niliwahi kuishi nayo msimu mzima nilipokuwa mtoto, mwaka ambao ziwa halikupanda bali lilirudi nyuma. Kijiji chetu kilikuwa mbele kidogo ya Murangi, kwenye rasi inayoingia majini, na kila mtu pale alikula kwa ziwa kwanza na shamba baadaye.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa wakati ule ulikuwaje. Duka lilikuwa na rafu, kaunta na mwenye duka, ila bidhaa ndizo hazikuwepo. Tulifua kwa majani ya mpapai. Sukari tuliisikia kwa jina. Lakini kilichowauma baba zetu kuliko sukari ni uzi. Nyavu zilichakaa na uzi wa kuzishona haukupatikana, wakawa wanachana matairi yaliyokufa, wanachomoa nyuzi za ndani na kuzisokota mapajani mpaka ngozi inachubuka. Na katikati ya dhiki hiyo ziwa nalo likaanza kwenda zake. Jiwe tulilofulia likabaki nchi kavu. Furu, wale samaki wadogo tuliowala tangu tunaota meno, wakaadimika, na mahali pao akaja sangara, dude la mafuta ambalo bibi yangu mzaa mama alikataa katakata lisiingie kwenye chungu chake. Wavuvi walikuwa wanasukuma mitumbwi kwenye tope kabla ya kuyafikia maji, na harufu ile ilipanda mpaka kanisani.

Burudani yetu ilikuwa mjadala. Redio hazikuwa na betri, mpira wa miguu ulikuwa wa matambara, lakini Biblia zilikuwepo na watu wenye maneno walikuwepo. Kijiji kilikuwa na watu wa Jumamosi na watu wa Jumapili, ndivyo tulivyowaita kwa siku zao za ibada, na Jumapili alasiri pande zote mbili zilikutana kwenye kivuli cha ghala la pamba. Kulikuwa na utaratibu wake. Msemaji hakushika kitabu. Alisimama mikono mitupu, na nyuma yake akasimama msomaji wake. Msemaji akisema "Soma!", msomaji alisoma kwa sauti. Akisema "Hapo hapo!", msomaji alinyamaza, na msemaji aliyachukua yale maneno na kuyapeleka alikotaka yeye. Mwisho watu walipiga makofi, na upande uliopigiwa mengi ndio uliotembea kifua mbele wiki nzima.

Baba yangu alikuwa msemaji wa watu wa Jumapili. Kusoma kwake kulikuwa kwa kuhema, neno moja moja, lakini akili yake iliweza kushika sura nzima akiisikia mara moja. Kwa hiyo alinifanya mimi msomaji wake, mtoto wa darasa la nne, msichana, miguu mitupu. Msisikie majivuno niliyokuwa nayo. Msemaji wa upande wa pili alikuwa mjomba Bwire, kaka wa mama, na hao wawili walimiliki mtumbwi mmoja. Walibishana alasiri mpaka mishipa ya shingo ikatokeza, na jioni walikwenda pamoja kutega nyavu, wakiteta habari nyingine kabisa. Mjadala ulikuwa mjadala na samaki walikuwa samaki.

Mpaka siku niliyorudi na habari kutoka shule. Mwalimu alikuwa amechora ziwa letu ubaoni kwa chaki, akachora mto unaotoka juu yake, akauvuta mpaka akafika ukingoni mwa ubao, na mwisho wa mto akaandika Misri. Maji haya tunayooga, alisema, yanakwenda mpaka huko. Nilimweleza baba wakati wa kula. Mkono wake ulisimama na tonge. Akaniuliza mara mbili kama mwalimu alisema Misri, Misri ile ya Farao, nikasema ndiyo. Hakumaliza ugali. Alinitaka nilete Biblia na nimsomee Isaya, pale nabii anapoitabiria Misri kwamba mto wake utapungua na kukauka, matete yake yatanyauka, na wavuvi, wa ndoana na wa nyavu, wataomboleza.

Baba aliniomba nirudie. Kisha akatoka, akasimama uani anaangalia upande wa ziwa, ambako tope lilikuwa linang'aa. Najua mnavyoweza kumcheka. Lakini mkisoma mahali pale mkiwa na nyavu mbovu mgongoni na maji yanawakimbia, mtaona kwa nini hakuona Wamisri. Alituona sisi.

Hoja yake ilikuwa nyepesi na ndiyo maana ilikuwa na nguvu. Mto hauwezi kukauka mwisho wake kama mwanzo wake umejaa. Kama Mungu alisema mto wa Misri utakauka, basi ni lazima aanzie huku kwetu, kwenye chanzo. Na kwa kuwa mto huo unajulikana kwamba bado unatiririka, unabii haujatimia. Na kwa kuwa maji yetu yanashuka mbele ya macho yetu, unaanza kutimia sasa. Mjomba Bwire alikuwa na jibu lake. Yeye alisema unabii ule ulitimia zamani za wafalme, Misri ilipigwa, ikaomboleza, ikaisha, na hao wavuvi walioomboleza wamekufa na kuzikwa wala si ndugu zetu. Kila mtu alikwenda kwenye kambi yake, na kwa wiki kadhaa kijiji hakikuwa na maneno mengine. Wanawake walibishana wakichota maji ziwani. Ikapangwa siku, na mwinjilisti mmoja akaalikwa kutoka upande wa Butiama aje kwa baiskeli kuwa mwamuzi.

Sasa niseme nilivyoelewa mimi. Nilielewa kwamba wanakwenda kuamua. Sikujua kwamba watu wanaweza kubishana juu ya jambo na jambo lenyewe likabaki lilivyo. Nilikuwa nimeona mabaraza ya kijiji yakiamua ng'ombe ni wa nani, na kuanzia dakika hiyo ng'ombe akawa wa mtu huyo. Basi nikajua kwamba mjomba akishinda, unabii umeshatimia zamani na ziwa litabaki. Baba akishinda, haujatimia, na ziwa litakauka. Nilisimama nyuma ya baba yangu nikiwa na Biblia mkononi, na moyoni namwomba Mungu baba yangu ashindwe. Sauti ilinitoka nyembamba mpaka akageuka akaniambia nipaze.

Alishinda. Sijawahi kumwona mtu akisema vile, kabla wala baada. Alitaja furu mmoja mmoja kwa majina ya kikwetu, jamii moja baada ya nyingine, akauliza wako wapi, na wazee wakawa wanaitikia hawapo. Mjomba alipokuja kujibu, watu walikuwa wameshaondoka na baba mioyoni. Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakatoka kwenye paa la ghala. Mimi nilianza kulia, na wanawake wakasema mtoto analia kwa furaha ya baba yake.

Mjomba alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia mbele ya watu huwa hachagui maneno. Alisubiri makofi yapungue, akasema, "Shemeji, umeshinda, nimekubali. Sasa wewe unabakije kwenye mtumbwi? Mtu anajua ziwa linakauka, halafu kesho anaenda kutega?"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha utani tu, wala hakuna aliyetegemea jibu. Lakini baba alikuwa bado ana makofi masikioni. Alisema hajawahi kuhubiri kitu asichokiishi, na kuanzia siku hiyo upande wake wa mtumbwi ni wa shemeji yake, na nyavu pia. Nilimtazama mama kule walikokaa wanawake. Alikuwa ameinama anamfunga mdogo wangu mgongoni, anafunga na kufungua khanga ileile.

Kesho yake asubuhi mjomba alikuja nyumbani. Alisema yale yalikuwa maneno ya mjadala, twende ziwani. Bibi naye alikuja, akaongea na baba kwa unyenyekevu ambao mama mkwe haonyeshi hivi hivi. Baba aliwakaribisha, aliwasikiliza, na hakubadilika. Nadhani hata yeye alikuwa anatamani kubadilika, ila neno lilikuwa limeshatoka mbele ya watu wote na mwinjilisti juu. Kabla mvua hazijaanza tulihamia upande wa Bunda, kwenye udongo mweusi, kulima pamba.

Nilitoka kijijini nikiamini kwamba nyuma yetu maji yanaisha. Nilimwonea bibi huruma kwa jinsi atakavyopata shida ya kuoga.

Pamba ni kazi ya watu waliozaliwa nayo. Baba alijua upepo na mawimbi. Wadudu wa pamba hakuwajua. Tuliyovuna mwaka wa kwanza ililala ghalani, lori halikuja, mvua ikaingia. Majirani hawakuwa wabaya, walitugawia mtama, lakini walikuwa wameshasikia habari zetu, na habari ya namna hiyo nani ataiacha ipite? Walituita Wamisri. Shuleni watoto waliniuliza kila Jumatatu kama ziwa limeshakauka, ili waende kuokota samaki. Mwanzoni niliwajibu kwa hasira kwamba litakauka, wangoje. Baadaye nikawa napita njia ya nyuma. Niliona aibu ya jina, aibu ya nguo, aibu ya baba aliyekuwa anashika jembe kama kasia mpaka watoto wakawa wanamwigiza.

Na humo ndani ya aibu ndipo nilipogeuka. Kijijini nilikuwa nimeomba ziwa lipone. Bunda nikaanza kuomba likauke. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: likikauka, baba atakuwa alisema kweli, na wale wanaotucheka watakuja kwetu na vichwa vimeinama. Kwenye sala ya jioni kila mtoto alisema ombi lake, na mimi, mkubwa wao, nilisema kwa sauti yangu ya msomaji, "Bwana, timiza neno lako juu ya ziwa." Wadogo zangu walisema amina. Baba alisema amina, chini chini, na mimi nikaona huo ndio unyenyekevu wa mtu wa imani. Mama hakusema. Alikuwa anainuka kabla hatujamaliza, anakwenda kufunika vyombo vilivyokwisha kufunikwa.

Wachuuzi wa samaki walipita kwetu wakielekea mnadani. Baba hakuwa na cha kununulia, lakini aliwaita kila mara, akawapa maji ya kunywa, akauliza yamefika wapi. Wakimwambia yamepungua kidogo, alikuna kidevu. Wakimwambia yamejaa, alitazama chini. Nilimhurumia sana nyakati hizo. Nilikwenda nikaomba kwa nguvu zaidi.

Miaka ikaenda. Mambo yakafunguliwa, kama tulivyokuwa tunasema. Sabuni ikarudi dukani, mitumba ikaja, redio zikapata betri. Na Musoma kikajengwa kiwanda cha samaki, wakaanza kumtaka sangara, yuleyule aliyekuwa hatakiwi na bibi. Magari yenye barafu yakawa yanapita Bunda yakidondosha maji barabarani. Tukasikia mjomba Bwire ana injini. Tukasikia ana bati. Kila habari njema ya upande wa mama iliingia nyumbani kwetu kimya kimya, ikasemwa mara moja, isirudiwe. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, nimeshajua baraza la watu haliwezi kukausha ziwa, lakini ombi langu la jioni sikuliacha. Niliona nikiliacha nitakuwa nimemwambia baba kwamba hata mimi nimekwenda upande wa wanaocheka.

Kisha bibi akafariki. Tulikwenda wote kwa lori la samaki, tumekaa juu ya masanduku matupu, tukapita Suguti na vumbi lake. Kuanzia mahali fulani mbele ya hapo ziwa linaonekana. Mama alilitazama bila kupepesa. Baba alijishughulisha na kamba ya mzigo wetu. Lilikuwa limejaa. Liling'aa mpaka kwenye matete, jiwe letu la kufulia limezama, na mitumbwi imefungwa karibu na mahali tulipokuwa tunacheza rede.

Mazishi yalipita kwa heshima. Mjomba alimpa baba kiti cha mbele, akamwita shemeji kama zamani, na kwa hilo sitamsahau. Lakini msiba una watu wengi, na mzee mmoja alipokuwa anasalimia wageni alimshika baba mkono akauliza, "Habari za Misri?" Watu walicheka wakijizuia, kwa sababu ya marehemu. Baba naye alitabasamu. Afadhali angekasirika. Lile tabasamu lilikuwa la mtu aliyezoea, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi yake nilimkuta chini kwenye maji, amesimama peke yake, suruali ameikunja. Alikuwa ameyaingia mpaka magotini. Nilikaa kwenye mchanga. Mawimbi madogo yalikuwa yanakuja na kurudi.

"Mama," aliniita, kama alivyozoea kuniita mimi mtoto wake wa kwanza. "Bado unaombaga?"

Nikasema naomba.

"Likauke?"

"Ndiyo, baba."

Hakugeuka. "Mimi niliacha siku nyingi. Ile pamba ya kwanza ilipooza, nilikuwa nimeshaacha. Hao wachuuzi wakiniambia yamejaa, nilikuwaga nashukuru moyoni. Lakini jioni wewe unaomba, tena kwa nguvu, mbele ya wadogo zako. Nikaona mtu aliyebaki ananiamini ni huyu mmoja. Sasa nitamwambiaje turudi?"

Nilimwambia kwamba hata mimi nilikuwa nimeacha kuamini, tangu nilipopata akili. "Nilikuwa naomba tu wasikucheke."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote ile ya udongo mweusi tulikaa huko kwa sababu yangu mimi, na mimi niliomba kwa sababu yake yeye, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitaka lile ombi. Nilihisi uso unawaka. Nilimwona na yeye ameshika kiuno, kichwa kimeinama, na nikajua tunaona aibu ileile. Kwa muda mfupi nilipata hata faraja kidogo, ya kuwa wawili.

Hatukujua mama yuko nyuma yetu. Alikuwa ameshuka na ndoo kuchota maji ya wafiwa. Sijui alisimama pale tangu lini. Aliweka ndoo chini mchangani, akaongea bila kupandisha sauti.

"Mama yangu alikuwa anachotaga maji hapa," alisema. "Kila asubuhi. Bwire na watoto wake walikuwa wanakula hapa. Jioni zote hizo mlizokuwa mnaomba, mlikuwa mnafikiri yeye atakunywa nini?"

Katika mabishano yale yote, kama unabii umetimia au haujatimia, katika makofi yale, katika kucheka na kuchekwa, mimi na baba hatukuwahi kumfikiria bibi kama mtu atakayebaki na kiu. Mama alimfikiria kila jioni, akafunika vyombo.

Baba alitoka majini. Akaiokota ile ndoo, akarudi mpaka maji yanapokuwa safi, akaijaza pomoni, akaiweka begani. Kule kwetu mwanamume hachoti maji kukiwa na mke na binti, na penye msiba ndiyo kabisa. Alipanda kile kinjia hadi juu, maji yanamwagikia shingoni, akapita mbele ya wanaume wote waliokuwa wanaota moto, na wakaacha kuongea. Nilimfuata nyuma, mikono mitupu, macho chini. Tulipofika jikoni kwa wanawake nikageuka kumtazama mama. Alikuwa bado kule chini, ametupa mgongo, na hakutufuata.